Maswali ya wazazi: michango, unyago na korosho

Tunaambiwa elimu ni bure, mbona mwalimu mkuu anataka hela ya uji? (Mzazi, Tandahimba)
Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada. Sare, madaftari na chakula ni vyako. Mchango mnakubaliana kwenye kikao cha wazazi, kile ambacho huwa hamji. Ila mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, nenda kwa afisa elimu kata siku hiyohiyo.

Binti yangu wa darasa la tano amevunja ungo. Bibi yake anataka achezwe unyago mwezi wa kumi, tukishauza korosho. Nifanyeje? (Mama, Newala)
Mama, unyago siupingi. Ninachopinga ni tarehe. Mwezi wa kumi hela imeingia, ngoma zinalia kila kitongoji, na shule iko wazi. Mwali anawekwa ndani, akitoka wenzake wameshavuka sehemu na wako kwenye desimali. Anaona haya kuuliza, anaanza kutega, mwisho haonekani tena. Mwambie bibi hela itunzwe, mtoto achezwe Desemba shule zikifungwa. Na kabla ya vitenge vya sare na pilau, nunua madaftari. Jambo jingine hukuuliza: akishatolewa, asije mtu kukwambia "amekua" halafu mkapokea posa. Tangu 2016 anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela, na aliyesaidia ana kesi yake.

TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, watakata ruzuku mtoto akikosa shule msimu wa kuokota korosho? (Mlengwa, Ruangwa)
Ndiyo. Sharti ni mahudhurio ya asilimia 80. Aokote Jumamosi.

Mwanangu anajua Kimakonde tu, darasani wanamcheka. Tukiache nyumbani? (Baba, Nanyamba)
Msikiache. Ila mtoto wa miaka mitano aanze darasa la awali, Kiswahili atakiokota kwa wenzake. Ninyi mnamleta darasa la kwanza akiwa na miaka minane, hajawahi kushika penseli, halafu mnalaumu lugha. Mwalimu naye akiwa miongoni mwa wanaocheka, mpelekee malalamiko mwalimu mkuu.

Mdogo wangu alipata mimba kidato cha pili, sasa amejifungua. Wazee wamepokea fidia kwa aliyempa mimba. Anaweza kurudi shule? (Kaka, Nachingwea)
Anaweza, ruhusa ipo tangu Novemba 2021. Nenda naye kwa mkuu wa shule, na nyumbani mpange nani atabaki na mtoto. Hiyo fidia rudisheni, kisha mfike Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.