Kabla Daktari wa Meno Hajagusa Jino Lako

Goma ukiuliza daktari wa meno mzuri ni yupi, utaambiwa bei, au utaambiwa "yule mkono wake mwepesi, hausikii kitu". Sawa, nani anapenda maumivu? Lakini kutosikia maumivu ni kazi ya ganzi, na ganzi haisafishi vifaa. Mimi siku hizi namtazama daktari kabla hajagusa jino.

Nilimsindikiza mama mdogo kwenye kabine moja, yaani kliniki ya meno, upande wa mtaa wa Birere. Vigae vinang'aa, televisheni ukutani, viti laini. Mama mdogo ana presha na anameza dawa kila siku, lakini hakuna aliyemuuliza. Alilazwa kitini, akaambiwa afungue mdomo, sindano hiyo tayari mkononi. Nikasema, "Dokta, mama ana presha." Akajibu, "Haina shida," na hata kipimo hakuagiza. Nikamwambia mama mdogo ainuke, tukaenda zetu.

Maswali hayo si ya kujaza karatasi. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini, ambayo kwa mwenye presha ya juu inahitaji tahadhari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino. Kisukari huchelewesha kidonda kupona. Mjamzito naye lazima ajulikane mapema, hasa kabla ya picha ya eksirei.

Halafu vifaa. Uliza bila aibu vinasafishwa vipi. Kuvifuta kwa spiriti au kuvichemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kinachotakiwa ni otoklevu, mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku 7, kwa hiyo koleo linaloonekana safi halijathibitisha lolote. Kwenye kabine tuliyohamia, msaidizi alileta pakiti iliyofungwa, akatuonyesha alama iliyogeuka rangi, ndipo akaichana mbele yetu. Alama ile inasema tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto, lakini pakiti yenyewe ilikuwa kavu na haijatoboka, nami nikatulia. Niliuliza pia umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kazi wanafanyaje. "Tunaanza upya," akasema, wala hakukasirika.

Angalia na glovu. Akishika simu au kufungua droo kisha akarudisha vidole vilevile mdomoni mwako, mwambie abadilishe. Atakayenuna, mwachie kiti chake.

Kuna jambo la kwetu hasa. Maji ya upande wa volkano ya Nyiragongo mara nyingi yana floridi nyingi, sehemu nyingine kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Daktari anayeyajua mazingira haya atatofautisha madoa hayo na kuoza kabla ya kuwasha mashine ya kutoboa. Kwa hiyo mwambie mtoto alikulia wapi na alikunywa maji gani, na akikuambia yote yameoza, muulize amejuaje.

Kuhusu kung'oa, usiharakishwe. Uliza kama jino linaweza kuokolewa. Kutibu mzizi bila picha ni kupapasa gizani, na asiye na mashine anapaswa kukuelekeza kwa mwenye nayo. Mimi humwamini zaidi anayesema "hili silifanyi hapa" kuliko anayeweza kila kitu. Bei nayo ijulikane kabla hujakaa kitini: ni dola au franka, ni ya mara moja au ya kila unaporudi, na jino likivimba usiku unampigia nani. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti.