Pombe ya Kwanza Nyumbani: Usiifunge Ikiwa Imelala

Kama kuna mtu amekuletea kile kifurushi cha kutengenezea bia nyumbani, na unaishi hapa Lubumbashi, usianze kwa kusoma karatasi yake. Anza na kalenda. Mimi nilianza mwezi wa saba, na hasara yangu ilikuwa chupa kumi na moja, gunia la unga, na maneno ya mke wangu ambayo mpaka leo hayajaisha.

Changu kilitoka Johannesburg. Mdogo wangu alikipakia kwenye lori, kikapita mpaka wa Kasumbalesa pamoja na vipuri vya magari. Ndani mlikuwa na ndoo ya plastiki yenye alama ya lita 23, mpira wa kuhamishia, densimeta (kipimo kinachoelea, namba yake inashuka kadiri hamira inavyokula sukari), kizibo kile cha kupumulia ambacho hewa inatoka lakini vumbi haliingii, na kopo zito la kilo 1.7 lenye paketi ya hamira chini ya kifuniko. Kopo hilo ni kimea cha shayiri kilichopikwa mpaka kikawa kama asali nyeusi, na hopsi, ua linaloipa bia uchungu, limeshatiwa humo humo.

Mama mdogo, ambaye anapika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tangu mimi sijazaliwa, alichovya kidole, akalamba, akauliza: "Na mizizi iko wapi?"

Swali la fundi hilo. Kwenye munkoyo, mizizi iliyopondwa ndiyo inayogeuza uji wa mahindi kuwa mtamu. Kwenye shayiri, kimea chenyewe ndicho kinachofanya kazi hiyo, na waliotengeneza kopo walishaimaliza. Unachobaki nacho ni maji, sukari, usafi na kungoja. Kungoja ndiko kulikonishinda.

Usafi sitauzungumzia sana kwa kuwa kila mtu anausema, ila ni kweli. Kila kitakachogusa pombe baada ya kupoa, ukioshe kwa dawa iliyokuja na kifurushi. Ukikosa, tumia javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, kidogo sana kwenye maji mengi, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Javel ikibaki, pombe itakuwa na ladha ya hospitali. Maji ya bomba nayo yana klorini yake: yachemshe jioni, yafunike, yalale mpaka asubuhi.

Siku yenyewe, weka kopo ndani ya maji ya moto dakika kumi ili kimea kilegee. Kimimine kwenye ndoo na lita tatu za maji yaliyochemka na kilo moja ya sukari, ukoroge mpaka sukari iyeyuke, kisha ongeza maji yaliyopoa mpaka lita 23. Sukari nyeupe peke yake inafanya bia iwe nyepesi mdomoni. Ukipata kimea cha unga, weka nusu kwa nusu. Hamira usiitie ndoo ikiwa bado ina joto, utaiua. Kabla ya kuitia, tumbukiza densimeta na uandike namba. Yangu ilisoma 1.040, nikaiandika ukutani kwa makala, yaani mkaa, nikajiona mkemia.

Sasa turudi kwenye kalenda. Hamira ya makopo haya inapenda kati ya nyuzi 18 na 24. Mwezi wa saba hapa kwetu mchana unaweza kuvaa shati tu, lakini usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na ndoo yangu ilikuwa kwenye sakafu ya sementi, ndani ya depo, chumba cha kuwekea vitu. Siku mbili kizibo kilipiga *blop, blop*, watoto wakakaa kukiangalia kama televisheni. Siku ya tatu kimya. Nikasema imekwisha kuiva.

Mama mdogo aliweka kiganja ubavuni mwa ndoo, akakiacha pale muda mrefu kama anayepima homa ya mtoto. "Haiyakufa," akasema. "Iko nalala tu. Uifunike."

Nikamcheka kimoyomoyo. Munkoyo ni munkoyo, hii ni bia ya kitaalamu. Densimeta ilikuwa imelala kwenye boksi lake, wala sikuigusa. Jumapili nikatia pombe kwenye chupa, nikaongeza sukari ya kuleta povu, nikabana vizibo.

Wiki nyingi hakuna kitu. Mwezi wa tisa ukaingia na jua lake, depo ikapata joto, hamira ikaamka. Ilikuta sukari ambayo haikuwa imeila tangu mwezi wa saba, pamoja na ile niliyoiongeza, na hewa haina pa kutokea. Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku, kama risasi. Nyingine mbili zikaifuata. Jirani alizima taa, mimi nikalala chini kando ya kitanda, tukangoja kusikia watu wakikimbia. Kilichokuja ni harufu, ile ya baa asubuhi kabla haijafagiliwa. Mke wangu akavuta pumzi mara moja. "Ni pombe yako ile," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi vipande vya chupa vilikuwa vimechoma mpaka gunia la unga. Angekuwa mtoto pale, nisingekuwa naandika haya kwa kucheka.

Kwa hiyo: kimya cha kizibo si ushahidi. Pengine mfuniko unavuja, pengine ni baridi. Pima kwa densimeta siku tatu mfululizo. Namba ikikaa palepale, 1.010 au chini yake, ndipo ufunge. Ikikwama juu, ihamishe ndoo mahali pa joto, ifunike blanketi, ungoje upya. Ila usiwashe mbabula, jiko la makala, chumbani ukafunga mlango ili kuipasha; moshi wa makala umeua watu wazima na akili zao. Mwezi wa kumi shida ni kinyume chake: joto likizidi, pombe inakuwa kali na kichwa kinauma. Ndoo iketi kwenye beseni la maji, ivalishwe kitambaa kibichi. Mimi siku hizi naanza mwezi wa nne au wa tano, sipigani na hali ya hewa.

Kwenye chupa, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, kinatosha chupa kubwa. Vidanje, yaani chupa tupu za bia, za kahawia zinafaa, za kioo cheupe mwanga unaziharibia ladha. Lakini kwa mara ya kwanza tumia chupa za plastiki za soda: ukibonyeza na ikawa ngumu kama jiwe, legeza kizibo kidogo. Wiki mbili kwenye joto la nyumba, halafu frigo, na umimine taratibu, machicha yabaki chini.

Ya pili ilitoka vizuri. Nikampelekea Mama mdogo glasi. Alikunywa nusu, akauliza imechukua siku ngapi. Nikahesabu: karibu mwezi.

Akaniangalia kwa huruma. Munkoyo wake ni siku mbili.