Shangazi, mke wangu hajali maana ya maisha

SHIKAMOO shangazi. Mimi ni mhasibu Upper Hill, nina miaka 42. Tangu tumzike baba mwezi Machi, najiuliza tunaishi kwa nini. Kazi imeisha ladha. Nataka niiache, nikae mwaka mmoja nikitafuta maana ya maisha. Mke wangu anauza mitumba Gikomba. Nikimweleza, ananiuliza karo italipwa na nani. Hana kina. Kuna mwanamke ofisini ambaye tunaelewana sana katika mambo haya. Jumapili huenda msitu wa Karura peke yangu kutafakari. Nifanyeje mke wangu anielewe?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa. Msiba huo ndio uliokuleta kwangu, ingawa umeupa mstari mmoja tu, kisha lawama zote ukamtwika mkeo.

Nayajua mazishi ya watu wa Nairobi. Ijumaa usiku mko njiani kwenda mashambani, Jumamosi mnazika, Jumatatu asubuhi umerudi kwenye hesabu za watu. Mzee ulimlilia saa ngapi? Zamani matanga yalikuwa na siku zake. Wazee walikaa na mfiwa, marehemu akatajwa mema na mabaya yake hadi machozi yakakauka yenyewe. Wewe hukukaa na mtu. Swali la kwa nini tunaishi humjia karibu kila aliyemwagia mzazi wake udongo, na lina heshima yake. Si kosa la mkeo.

Tena unasema hana kina! Wachuuzi wa Gikomba hudamka gizani wawahi kamera, yaani nguo bora zaidi, robota likifunguliwa, kwa sababu anayechelewa huachiwa fagia, yale masalio. Anayeamka hivyo kwa ajili ya watoto ameshalijibu swali lako, ila hajapata nafasi ya kulitolea hotuba. Na hilo la karo ni swali la maana ya maisha, pengine zito kuliko lako. Barua nzima hukutaja hata una watoto wangapi.

Karura nenda, ni pazuri. Lakini ujue unakanyaga wapi. Sehemu ya ardhi ile iligawiwa watu wa kujenga, na mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti. Kivuli unachotafakaria kilipiganiwa na watu waliokuwa na shughuli na familia zao kama wewe.

Huyo wa ofisini anakuelewa kwa sababu hamdaiwi karo pamoja. Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjikia hapo hapo. Mtu anataka mwenzake awe mhubiri, mganga na rafiki wa roho, na akimkuta jioni amechoka, miguu imevimba, anasema haeleweki. Mazungumzo hayo ya ofisini yakome. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha kwako kiko nyumbani.

Kazi usiiache mwaka huu. Omba likizo, mchukue mkeo na watoto mwende kwenu, mkae hapo kaburini na jamaa zako, mumzungumzie mzee bila kutazama saa. Kama usingizi umekatika na chakula hakipiti, mwone daktari, maana huzuni ikizidi huwa maradhi na hutibiwa. Na neno hilo la "hana kina", ikiwa umewahi kumwambia mkeo usoni, mwombe radhi leo usiku.