Wasomaji Wauliza: Makaburu Walivyoukalia Mkoa wa Cunene

Barua za safari hii zinahusu vita vya uhuru wa Namibia, iliyokuwa ikitawaliwa na Afrika Kusini, hasa miaka ambayo jeshi la Afrika Kusini lilikaa kwa nguvu kusini mwa Angola. Kwa Kiswahili habari hizi zimeandikwa kidogo mno, ingawa sehemu ya chanzo chake iko hapa kwetu Tanzania.

SWALI: Wapigania uhuru wa SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, walikuwa Kongwa. Ilikuwaje vita vyao vikapiganwa Angola? (Msomaji, Dodoma)

Kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1964 chini ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mahali palipokuwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Wapiganaji sita wa kwanza wa SWAPO waliondoka huko mwaka 1965. Tarehe 26 Agosti 1966 polisi wa Afrika Kusini waliivamia kambi yao ya Omugulugwombashe, Ovamboland, kaskazini mwa Namibia, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa vita.

Tatizo la Kongwa lilikuwa umbali. Mpiganaji alikwenda zaidi ya kilomita 2,000 kupitia Zambia, kisha akalazimika kupenya ukanda wa Caprivi, kaskazini-mashariki mwa Namibia, uliojaa doria, au kukatiza kusini-mashariki mwa Angola iliyokuwa bado mikononi mwa Wareno. Utawala wa Ureno ulipoanguka Aprili 1974, na Angola ikapata uhuru tarehe 11 Novemba 1975, njia ikafupika mno. SWAPO ikahamishia kambi zake mkoa wa Cunene na mikoa jirani, na sasa mpiganaji aliweza kufika Ovamboland kwa miguu kwa siku chache. Afrika Kusini ikajibu kwa kuvuka mpaka.

Msisahau pia kwamba mpaka wenyewe uliwakata watu wamoja. Wareno na Wajerumani waliuchora tarehe 30 Desemba 1886 bila kuuliza mtu, ukaugawa ufalme wa Wakwanyama vipande viwili. Hata wakoloni wenyewe hawakuelewana mstari uanzie kwenye maporomoko yapi ya mto Cunene, ikabaki kanda ya kama kilomita 11 isiyo na mwenyewe hadi mwaka 1926. Mfalme wao, Mandume ya Ndemufayo, alikufa akipigana na majeshi ya Afrika Kusini tarehe 6 Februari 1917 katika eneo hilohilo. Kwa hiyo kijana wa SWAPO alipovuka kwenda kaskazini mara nyingi alifika kwa shangazi yake.

SWALI: Kitabu kimoja kinasema Angola ilivamiwa 1975, kingine 1981, kingine 1987. Niwafundishe nini wanafunzi? (Mwalimu wa historia, Morogoro)

Tenganisha uvamizi na ukaliaji. Mashambulizi ya kuingia na kutoka yalikuwa mengi, na baya kuliko yote ni la Cassinga, tarehe 4 Mei 1978, lililoua watu wapatao 600. Kukaa na kushikilia ardhi ni jambo jingine, nako kulitokea kwa vipindi.

Agosti 1975 makaburu walichukua bwawa la Calueque na eneo la mitambo ya Ruacana, wakasonga mbele hadi karibu na Luanda, kisha wakatoka tarehe 27 Machi 1976. Kipindi kirefu kilianza tarehe 23 Agosti 1981. Siku hiyo ndege zilipiga rada za Cahama na Chibemba, kisha safu za magari ya deraya zikateka Xangongo na Ongiva ndani ya siku chache. Hapo walikaa hadi Aprili 1985. Baadaye waliingia na kutoka, na waliendelea kuishikilia Calueque mpaka mwisho wa Agosti 1988.

Kosa linalorudiwa sana darasani ni kuiweka Cuito Cuanavale ndani ya habari hii. Cuito Cuanavale wakati huo ilikuwa mkoa wa Cuando Cubango, mashariki, na mapigano yake ya 1987 na 1988 yalihusu kuwasaidia UNITA, waasi waliopigana na serikali ya Angola, wasishindwe. Cunene ilihusu kuifungia SWAPO njia. Vita ni hivyohivyo, ila malengo ni mawili, na mwanafunzi akiyachanganya hataelewa kwa nini Wakuba, waliokuwa wakiisaidia serikali ya Angola, mwaka 1988 waliamua kushuka upande wa magharibi.

SWALI: Cunene ni kubwa sana. Jeshi dogo liliwezaje kuishikilia? (Msomaji, Mbeya)

Halikuishikilia yote. Lilishika vitu vichache ambavyo bila hivyo huwezi kuishi wala kupita kule.

Cha kwanza ni barabara. Kuna moja tu yenye maana: Santa Clara mpakani, Namacunde, Ongiva, Xangongo, Cahama, hadi Lubango. Ongiva iko kama kilomita 40 kutoka mpakani. Xangongo ina daraja la mto Cunene, kwa hiyo aliyekaa Xangongo aliweza kuzuia chakula, mafuta na askari wa FAPLA, jeshi la Angola, wasishuke kusini. Cahama, yenye ulinzi mzito dhidi ya ndege, haikuchukuliwa kamwe, na hapo ndipo FAPLA walipojibana.

Cha pili ni maji. Calueque ni bwawa lililotokana na makubaliano ya Ureno na Afrika Kusini ya mwaka 1969. Pampu zake huinua maji ya mto Cunene na kuyatia kwenye mfereji unaovuka mpaka hadi Ovamboland. Chini yake kuna Ruacana, yenye mitambo ya umeme iliyochimbiwa ardhini upande wa Namibia: wakati huo zilikuwa mashine tatu za megawati 80 kila moja, jumla 240, zilizoanza kazi 1978. Kizuizi kinachoelekeza maji kwenye mitambo hiyo kiko upande wa Angola. Ukilitazama jambo hili utaona kwa nini Calueque ilitangulia kuchukuliwa mwaka 1975 na ikawa miongoni mwa sehemu za mwisho kuachwa.

Cha tatu ni majira, na hapa ndipo wengi wanaoandika habari hizi hupita haraka. Mvua za kule hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Majani yakishamea, mpiganaji ana maficho. Madimbwi yakijaa, ana maji ya kunywa bila kukaribia kisima kinachoviziwa. Mvua ikinyesha, nyayo zake zinafutika. Ndiyo maana SWAPO waliingia kwa makundi wakati wa masika. Gari zito la jeshi kinyume chake hunasa kwenye tope la nyanda zile. Makaburu wakapenda kushambulia kiangazi, ardhi ikiwa ngumu na miti imepukutika, ili kuvuruga maandalizi kabla mvua hazijaanza. Shambulio la Agosti 1981 lina sababu hiyo ndani yake.

Mpakani kwenyewe, kuanzia Ruacana hadi mto Okavango, zaidi ya kilomita 400, walifyeka mkuza wenye upana wa kilomita moja hivi na kuwahamisha waliokuwa wakiishi ndani yake. Ardhi ni ya mchanga, hivyo nyayo zilionekana na wafuatiliaji walizishika. Ovamboland nzima ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Fikirieni maana yake kwa mfugaji: ng'ombe aliyepotea jioni hafuatwi, na mgonjwa anasubiri kupambazuke.

SWAPO walijibu kwa kutega mabomu barabarani. Makaburu wakatumia magari kama Buffel na Casspir, yenye tumbo lililochongoka mithili ya mtumbwi, ili nguvu ya mlipuko itawanyike pembeni badala ya kupasua sakafu. Askari aliyejifunga mkanda mara nyingi alinusurika. Mwanakijiji kwenye mkokoteni hakuwa na kinga yoyote, na mabomu ya pande zote mbili yalibaki ardhini baada ya vita kwisha.

Tena makaburu walitumia watu wa Angola wenyewe. Batalioni ya 32, yenye kambi yake Buffalo huko Caprivi, ilianzishwa kwa askari wa Kiangola waliotoka FNLA, moja ya vyama vilivyopigania uhuru wa Angola. Hesabu ya vifo ya Pretoria ikawa ndogo, na familia za wazungu kule Afrika Kusini hazikuuliza mengi.

SWALI: Umoja wa Mataifa ulikuwa wapi? (Msomaji, Mombasa)

Ulikutana. Tarehe 31 Agosti 1981 nchi 13 za Baraza la Usalama ziliunga mkono azimio la kulaani uvamizi, Uingereza haikupiga kura, na Marekani ikatumia kura ya turufu. Azimio namba 545 la Desemba 1983 lilipita na kudai majeshi yatoke. Mwezi huohuo makaburu walikuwa katikati ya shambulio jingine, wakafika Cuvelai. Azimio 435 la mwaka 1978 lilikwishaweka njia ya uhuru wa Namibia, lakini Washington na Pretoria zililifunga kwa sharti kwamba Wakuba watoke Angola kwanza.

SWALI: Nimesikia makaburu walikubali kutoka Angola 1984. Mbona walitoka 1985, kisha wakarudi? (Msomaji, Lubumbashi)

Makubaliano yalifikiwa Lusaka tarehe 16 Februari 1984, Rais Kaunda akiwa mwenyeji. Utaratibu ulikuwa huu: askari wa Angola na wa Afrika Kusini wanaunda tume moja ya kijeshi, wanapiga doria pamoja, na makao ya tume yanateremka kusini hatua kwa hatua, kuanzia Cuvelai, kupitia Mupa, hadi Ongiva na mpakani. Kila eneo likiachwa, Angola inahakikisha SWAPO na Wakuba hawaingii.

Kazi ya wiki chache ikachukua miezi 14. Kwanza, SWAPO haikuwa mshirika wa makubaliano, na hakuna aliyeweza kuahidi kwa niaba yake. Pili, mvunja masharti alihukumiwa na tume ambayo nusu yake ni jeshi linalotafuta sababu ya kubaki. Nyayo za wapiganaji zikionekana, msafara unasimama. Tume ikakwama Ongiva kwa miezi. Tatu, UNITA haikuguswa na masharti yale, nayo iliendelea kupewa silaha.

Walipotangaza Aprili 1985 kwamba wametoka, mwezi uliofuata makomando wao walinaswa Cabinda, kaskazini kabisa, karibu na mitambo ya mafuta. Wawili waliuawa, kapteni wao akakamatwa. Imani iliyokuwa imebaki ikaisha, na kufikia katikati ya mwaka walikuwa wamevuka mpaka tena.

Kilichowatoa kweli ni mizani ya nguvu kubadilika. Mwaka 1988 Wakuba na FAPLA walishuka Cunene wakiwa na vifaru, makombora ya kutungulia ndege, na uwanja mpya wa ndege Cahama. Tarehe 27 Juni ndege za MiG-23 zilipiga Calueque na kuua zaidi ya askari 10 wa Afrika Kusini. Itifaki ya Geneva ya tarehe 5 Agosti ikataka waanze kuondoka kabla ya tarehe 10 na wamalize kabla ya tarehe 1 Septemba. Wa mwisho alivuka tarehe 30 Agosti 1988.

SWALI: Babu yangu alikuwa jeshini Namibia mwaka 1989. Je, alikuwa upande wa wavamizi? (Msomaji, Eldoret)

Hapana. Kenya ilipeleka batalioni ya askari wa miguu katika UNTAG, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliosimamia uchaguzi, pamoja na Finland na Malaysia. Naibu kamanda wa majeshi yake alikuwa Mkenya, Daniel Opande. Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990.

SWALI: Nina ramani ya zamani ya Angola na sioni Ongiva wala Xangongo. (Msomaji, Muscat)

Ramani yako ni ya Wareno. Ongiva waliiita Vila Pereira d'Eça, na Xangongo waliiita Vila Roçadas. Kwenye hati za baadaye Ongiva utaikuta pia kama N'Giva au Ondjiva, kwa hiyo ukitafuta kwenye kompyuta jaribu tahajia zote. Anzia mpakani Santa Clara, fuata barabara kaskazini, mji wa kwanza mkubwa ndio huo. Kwa picha, angalia majani ya miti kabla ya kuamini tarehe iliyoandikwa nyuma: picha inayodaiwa kuwa ya kutekwa Ongiva Agosti 1981 huku vichaka vimestawi kijani na madimbwi yamejaa, ina kila sababu ya kutiliwa shaka.