Oksijeni ya usiku ilisoma 91: je, oksimita humsoma sawasawa mtoto mweusi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi, niko Tanga. Mwanangu ana miaka 5 na anakoroma karibu kila usiku. Mara nyingine pumzi inakatika kabisa, kifua kinahangaika, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Alifungwa oksimita, mashine ya kupima oksijeni ya damu, kidoleni usiku mzima. Majibu yalisema oksijeni haikushuka chini ya asilimia 91, tukaambiwa hana tatizo. Mwenzangu kazini anasema mashine hizi husoma juu kwa watu weusi. Ni kweli, au ni maneno ya mtandaoni? Na kama ni kweli, hayo majibu niyafanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Mwenzako hakukosea. Oksimita huelekea kusoma juu kidogo kwa wenye ngozi nyeusi, na kwa mtoto anayechunguzwa usingizini hicho kidogo kinaweza kuamua kama atatibiwa au atarudishwa nyumbani. Kwa kuwa mashine hii unaishika kila siku, nitakueleza kosa linaingilia wapi.

Kile kibanio hakipimi oksijeni yenyewe. Kinapitisha mianga miwili kwenye kidole: mwekundu wa nanomita 660 hivi, na infraredi wa nanomita 940 hivi ambao macho hayauoni. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa haina oksijeni hunyonya zaidi ule mwekundu. Iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Japani, ndiye aliyebaini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukishika sehemu ya mwanga inayocheza na mapigo ya moyo tu, umeipata damu ya ateri. Ngozi, mfupa na damu ya vena, visivyodunda, unaviacha nje ya hesabu. Kwa nadharia hiyo rangi ya ngozi haina neno, maana melanini, ile rangi iliyomo kwenye ngozi, haidundi.

Kwa vitendo ina neno. Melanini hunyonya mwanga mwekundu zaidi kuliko infraredi, kwa hiyo mwekundu unafika upande wa pili ukiwa hafifu, na taa zenyewe hazitoi rangi moja safi. Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Mashine haijui asilimia. Inajua uwiano wa mianga miwili, kisha inautafuta kwenye jedwali iliyowekewa kiwandani. Jedwali hilo hutengenezwa kwa watu wazima wenye afya waliojitolea, wanaopunguziwa oksijeni taratibu huku damu yao ya ateri ikipimwa. Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulitaka watu wasiopungua 10, na wenye ngozi nyeusi wawe angalau wawili au asilimia 15, ipi iwe kubwa. Wawili! Na mtoto wa miaka 5 hayumo.

Wala si habari mpya. Watafiti Amal Jubran na Martin Tobin waliandika kuhusu tofauti hii kwa wagonjwa mahututi mwaka 1990. Mwaka 2005 Philip Bickler na wenzake wa San Francisco wakaonyesha kwamba kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka. Dunia ilishtuka Desemba 2020, wakati wa UVIKO-19, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipolinganisha oksimita na damu ya ateri. Pale mashine iliposema 92 hadi 96, damu ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe. Tafiti za watoto waliolazwa katika hospitali za Marekani nazo zimeelekea huko huko. Mtoto aliyelala nyumbani hatumtoboi ateri kila pumzi inapokatika, kwa hiyo kwa wagonjwa wako na wangu tunalazimika kufikiri kutokana na hao.

Sasa tufikiri. Usiku hatusomi namba moja, tunahesabu mishuko. Utaratibu unaotumika sana kwa watoto ni alama za McGill, uliotoka Montreal: mishuko mitatu au zaidi chini ya 90, pamoja na mafungu ya mishuko kwenye grafu, humtoa mtoto kwenye alama 1, ya kawaida au isiyo na jibu, na kumpeleka 2, chini ya 85 ni 3, chini ya 80 ni 4. Mstari uko pale pale kwenye 90. Mtoto anayeshuka hadi 88 mara kumi, kwa mashine inayosoma juu kwa pointi tatu, atatoka na 91 mara kumi, na kwenye karatasi ataonekana hana neno. Na kwa kuwa kosa hukua huko chini, hata kina cha mshuko hupungua: kutoka 97 hadi 87 kwa kweli, mashine ikaonyesha 97 hadi 90. Hivyo hata anayehesabu ukubwa wa mshuko badala ya namba ya chini naye atauona mdogo kuliko ulivyo.

Lakini usichukue 91 yako ukatoa 3 kichwani. Kosa hutofautiana mashine kwa mashine, mtoto kwa mtoto, na hata kwa mikono baridi. Huenda 91 ya mwanao ni 91 kweli.

Kuna kosa jingine ambalo halihusiani na ngozi na linawaponza wengi: muda wa wastani. Oksimita haionyeshi kila pigo, hukusanya sekunde kadhaa na kutoa wastani. Kwa uchunguzi wa usingizi tunataka sekunde 3 au pungufu. Mashine ya wodini iliyowekwa sekunde 12 au 16 ili isipige kelele ovyo huusawazisha mshuko mfupi wa mtoto mpaka unapotea. Uliza iliwekwa ngapi.

Na hata mashine ingekuwa kamilifu, majibu mabaya ya oksimita huthibitisha ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, lakini majibu mazuri hayaukanushi. Watoto wengi huamka kabla oksijeni haijashuka. Usingizi unakatika usiku kucha, namba zinabaki nzuri, asubuhi mtoto ana hasira na shuleni hatulii. Kwa hiyo "hana tatizo" lilikuwa neno kubwa kuliko kipimo chenyewe.

Nilimwona binti wa miaka 4 ambaye grafu yake haikugusa 90. Bibi yake alikuja na video kwenye simu: mtoto kalala chali, shingo kaikunja nyuma, mdomo wazi, na kila akijaribu kuvuta hewa tumbo linapanda huku kifua kinazama. Kimya. Nilihesabu sekunde 14 kabla hajavuta. Mafindofindo yalikuwa yanagusana katikati ya koo. Alifanyiwa upasuaji, na bibi akaniambia wiki ile aliamka usiku kumgusa kwa sababu hakumsikia tena.

Basi nawe fanya hivyo. Mvue fulana, washa taa hafifu, rekodi dakika tatu kifua na tumbo vikionekana na sauti ikisikika. Omba grafu yote ya usiku, si karatasi ya muhtasari, na jina la mashine iliyotumika. Nenda navyo kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie mafindofindo na nyama za puani. Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe: watoto wenye selimundu hupata sana tatizo hili, na ugonjwa wenyewe unaivuruga oksimita. Kipimo kikirudiwa, kidole kiwe na joto na kisiwe na rangi ya kucha wala piko; kama alipakwa kwa harusi, tumieni kidole cha mguu. Ukitaka kuona ubluu, usitazame kucha wala ngozi. Tazama ulimi na fizi.

Akipangiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa dawa za usingizi haya yote. Mtoto aliyezoea kukosa oksijeni usiku huathiriwa zaidi na mofini, dawa kali ya maumivu, na dozi hupunguzwa. Anayedhani usiku wa mwanao ni mzuri hatapunguza.

Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo unaotaka watu 150 au zaidi wenye rangi mbalimbali za ngozi. Kwa hiyo hospitali yenu ikinunua oksimita mpya, waulizeni wauzaji ilijaribiwa kwa watu weusi wangapi.

Ukiipata grafu, anzia saa tisa usiku hadi alfajiri. Usingizi wa ndoto huwa mwingi saa hizo, koo hulegea zaidi, na kwa watoto pumzi hukatika hasa hapo. Ukiona meno ya msumeno yamejikusanya kwenye mafungu, hata kama ncha zake zinaishia 91, usikubali kuambiwa ni sawa.