Manakishi Usiyaite Piza ya Kiarabu

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti wa Thika. Amerudi kutoka Beirut baada ya miaka mitatu ya kazi za nyumbani, ana akiba kidogo, na anataka kuuza manakishi, ule mkate bapa wa zaatari (majani makavu yenye harufu yaliyochanganywa na ufuta) ambao kila aliyeishi Lebanoni anaujua kwa harufu. Swali lake lilikuwa hili: "Dada, wateja wa huku hawayajui manakishi. Niyaite piza ya Kiarabu ndio yauzike?"

Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Kosa hilo hilo ndilo lililofunga biashara yangu ya kwanza, na mpaka leo likitajwa moyo unauma.

Mimi nilifika Beirut mwaka 2016, kwa kazi hizo hizo za nyumbani. Pasipoti yangu ilitiwa kabatini na kabati likafungwa kwa ufunguo siku ile ile. Miezi minane sikutoka nje peke yangu. Mengine siyasemi leo, walioyapitia wanayajua. Lakini nyumbani mle alikuwamo mama mzazi wa mwenye nyumba, tukimwita Teta, kama sisi tunavyosema nyanya, na siku niliporuhusiwa kutoka mara ya kwanza, yeye ndiye aliyenituma. Alinipa bakuli la zaatari aliyoichanganya mwenyewe na mafuta ya zeituni, akaniambia niipeleke furni.

Furni ni tanuri la mtaa. Mtindo wa zamani ni kwamba kila nyumba huchanganya zaatari yake, huipeleka kwa mwokaji, naye huipaka juu ya donge lake na kulitia motoni. Teta hakuuacha mtindo huo. Nilisimama mlangoni nikamtazama yule mwokaji akilitandaza donge, kisha akalibonyeza lote kwa ncha za vidole, tup tup tup, vishimo vikajaa mafuta. Mkate ukatoka kingo zimevimba, akaukunja mara mbili ndani ya karatasi.

Kwa Kiarabu mmoja huitwa man'ushe, mingi manakishi, na jina linatoka kwenye vile vishimo vya vidole. Ni nakshi! Neno lile lile tunalolitumia kwa milango ya Lamu. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu jikoni. Nilikuwa mbali na kwetu, sina hata simu, na neno la kwetu limelala juu ya mkate.

Siku ile Teta aliukata mkate wake katikati akanipa nusu, na nyanya, tango, majani ya nanaa na zeituni pembeni. Nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kula kitu kimoja nami. Tangu hapo kila Jumamosi alinifundisha: kukanda, kupumzisha donge, kupima zaatari, ufuta uliokaangwa, sumaki (kile kiungo chekundu kichachu) na chumvi.

Nilirudi Mombasa mwishoni mwa 2020, miezi michache baada ya ule mlipuko wa bandarini wa tarehe 4 Agosti. Mwaka uliofuata nikafungua kibanda, nikaandika "Piza ya Kiarabu". Mteja wa kwanza akauliza, jibini iko wapi? Wa pili, kuku yuko wapi? Nikatia sosi ya nyanya, nikatia soseji. Sumaki iliponiishia nikasaga ndimu kavu, uchachu ukaharibu kila kitu. Baada ya miezi mitano nilikuwa nauza piza mbaya kando ya watu wanaojua kupika piza. Nilipofunga, jamaa yangu mmoja alisema mbele za watu, "Miaka minne Uarabuni, umerudi na mkate tu." Sijalisahau neno hilo.

Desemba 2023 UNESCO iliyaingiza manakishi ya Lebanoni kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kikao kilifanyika Kasane, Botswana, humu humu Afrika. Nilisoma habari hiyo usiku kwenye simu, nikalia. Asubuhi nikanunua chaki na ubao, nikaandika: "Manakishi, mkate wa asubuhi wa Lebanoni."

Sasa mteja akiuliza, namwonyesha alama za vidole, namtajia nakshi, namkatia kipande. Jumamosi iliyopita nimepika manakishi 140 kwa chai ya asubuhi ya harusi, Kibokoni. Tangu alfajiri, makarai matatu, na hakuna aliyeniuliza kuku yuko wapi.

Basi, mdogo wangu, tanuri lisikusumbue. Lebanoni kwenyewe wengi huoka juu ya saji, chuma kilichobinuka kama mgongo wa kobe. Pindua karai safi juu ya jiko la makaa, lipate moto sawasawa, sukuma donge jembamba kuliko la tanuri. Usiupindue mkate, zaatari inabaki juu, chini ndiko kunakoiva. Mafuta ya zeituni ni ghali, mimi huchanganya nusu kwa nusu na ya alizeti. Sumaki usiibadilishe na kitu kingine. Na jina usilibadilishe.

Nalirudia hilo la jina kwa sababu najua utashawishika. Watazame wahamiaji wa Lebanoni na Shamu (Siria) waliofika Brazili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walipika sfiha (vimkate vya nyama) na kibbe (vitonge vya nyama na ngano), wakaviita kwa majina yake, na leo Mbrazili asiyejua neno lingine la Kiarabu anaagiza esfiha na kibe kama chakula cha kwao. Walaji walijifunza. Wa Thika watajifunza pia, mradi wewe usione haya kufundisha.

Wapo wenzetu wanaoniuliza kwa nini nasifu chakula cha watu waliotufungia pasipoti. Nawajibu hivi: aliyefunga kabati hakunifundisha kupika. Alinifundisha Teta, na mikono iliyokanda ni yangu. Tulioishi jikoni mwao tunakijua chakula hicho kuliko wageni wengi waliokaa mezani, na tukikiuza kwa jina la uongo tunajinyima hata kile kidogo tulichorudi nacho. Acheni kuona haya, dada zangu. Semeni mlijifunzia wapi. Semeni na nani.

Binti wa Thika, anza na unga wa kilo mbili, siku ya Jumamosi, mapema kabla watu hawajanywa chai. Ubao ukishauandika, nipigie picha unitumie.