Bongo Mbili, Mazungumzo Mamoja

SWALI: Mhariri, mimi na shoga yangu tukimenya matoke huku tukizungumza, mara nyingi mmoja humalizia sentensi ya mwenzake. Nasikia wanasayansi hupima bongo za watu wawili kwa pamoja. Hupimaje? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Dada yetu, kila mmoja huvikwa kofia yenye vihisio vinavyonasa umeme hafifu wa ubongo, au yenye vitaa vinavyopima oksijeni katika damu yake, kisha kompyuta hulinganisha mawimbi ya wote wawili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitumia mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, wakampima msimulizi kwanza na wasikilizaji baadaye, wakaona kwamba ubongo wa msikilizaji huufuata wa msimulizi, mara nyingi kwa kuchelewa sekunde chache, na kwamba ulinganifu huo hutoweka masimulizi yakiwa katika lugha asiyoielewa.

Hata hivyo, msiharakishe kujiita pacha. Mvua ikipiga bati, bongo zenu zitaitikia kelele ile ile hata mkiwa mmenuniana. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha jozi halisi na jozi za kubuni, za watu ambao hawakuzungumza wao kwa wao kamwe.